Mtoto akisema bomba linamtekenya
Mtoto akisema bomba la uani linamtekenya, usimwambie anadeka. Zima swichi kubwa, kisha mwite fundi umeme. (Na jamani, tusijaribu kwa kidole!) Ngozi iliyolowa hupitisha umeme kirahisi, na volti 230 zinatosha kusimamisha moyo.

Mara nyingi umeme huvuja kwenye pampu ya kisima au hita ya bafuni. Fundi huzima saketi zote, akawasha moja moja huku akipima, mpaka mbovu ijulikane. Akague na ethi: kiangazi cha Dodoma hukausha udongo, na chuma chenye kutu kwenye ardhi kavu hakipeleki umeme chini ipasavyo. Mwulizie kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampia 30.

Hadi amalize, watoto waoge maji ya ndoo, yachotwe umeme ukiwa umezimwa.