Ekzosi ya kelele Mikumi na Kilosa: Sheria ipo, uanzie wapi?

Saa saba usiku bodaboda anapita na ekzosi iliyotobolewa. Mtoto anaamka, mgonjwa anashtuka, mbwa wanaanza kubweka. Kwa wakazi wa Mikumi na Kilosa, mkoani Morogoro, swali ni moja tu: kuna sheria ya hili?

Ipo, tena zaidi ya moja. Kinachowachanganya wengi ni wapi pa kupeleka malalamiko.

Trafiki: wanaangalia chombo

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo kinachoingia barabarani, pamoja na vifaa vyake, kiwe katika hali nzuri. Polisi anaweza kukisimamisha na kukikagua. Ekzosi iliyokatwa au kutolewa sailensa inaonekana kwa macho, hata injini ikiwa imezimwa.

Mwaka 2021 faini ya papo kwa papo kwa pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000 kwa kosa. Nafuu hiyo haikuhalalisha kosa lolote.

NEMC: wanapima sauti

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinaweka viwango kwa desibeli. Viwango vya makazi si sawa na vya viwandani, na usiku huwa chini kuliko mchana. Adhabu za sheria hii zinafika mamilioni ya shilingi.

Ila hapa kuna ugumu. Baa haihami, ofisa atakuja na kipimo ataikuta. Pikipiki inapita sekunde chache na kutokomea. Ndiyo maana kwa ekzosi, trafiki ndiyo njia ya haraka zaidi.

Halmashauri: usiiruke

Halmashauri ya wilaya ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo na ina ofisa mazingira. Kama kero inatoka kwenye kijiwe kinachojulikana, mwenyekiti wa kitongoji au kijiji na viongozi wa kijiwe wanaweza kuimaliza kabla haijafika kituoni.

Kwani kutoboa kunaongeza nguvu?

Wengi wanaamini hivyo. Kazi ya sailensa ni kuvunja mawimbi ya sauti yanayotoka kwenye injini. Ukiitoa, unachopata kwa uhakika ni kelele. Kwa pikipiki ndogo ya abiria, nguvu inayoongezeka ni kidogo au haipo kabisa.

Na wa kwanza kuumia ni dereva mwenyewe, anayekaa na sauti hiyo kutwa. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku inatosha kuharibu masikio taratibu, na masikio yakishaharibika hivyo hayarudi.

Mikumi kuna jambo la ziada. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Mnyama aliyeshtuka kando ya lami anaweza kukimbilia barabarani, na hapo hatari ni kwa wote.

Ufanye nini?

- Andika namba ya usajili, saa na mahali.
- Kama inajirudia, andika kila siku inapotokea.
- Peleka taarifa kituo cha polisi, kitengo cha usalama barabarani.
- Usimzuie dereva barabarani mwenyewe.

Ukisema tu "bodaboda wanapiga kelele", polisi hana pa kuanzia. Ukimpa namba, anayo.