Kusi ni ya Nyanya, Kaskazi ni ya Kisamvu

Kila mwaka Januari ikielekea ukingoni, watu huanza kunitumia picha za nyanya. Picha huwa ni ileile: mmea umesimama wima, majani mabichi, maua yamechanua mpaka juu, na chini ya shina maua mengine yametapakaa kama njugu zilizomwagika. Tunda hakuna hata moja. Mwenye bustani keshapiga dawa mara mbili, sasa anataka kujua ya tatu iwe ipi.

Asipige yoyote. Mmea hauumwi, ni Februari tu inakuja. Nyanya ikikutana na mchana wa nyuzi 32 na usiku usioshuka chini ya 22 au 23, chavua yake huharibika, ua halishiki, linadondoka. Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam na Unguja, usiku wa kiangazi uko juu ya hapo karibu siku zote. Dawa ya kupoza usiku bado haijaletwa madukani.

Lawama si ya mkulima. Maelekezo mengi ya bustani tunayosoma yameandikwa na watu wenye majira ya namna nyingine. Hata pamakalcha, yaani kilimo cha kudumu, ambacho vijana wengi wa mjini wanakipenda siku hizi na mimi mwenyewe ninakifuata, kilipewa jina mbali na hapa. Bill Mollison na David Holmgren walitoa kitabu chao cha kwanza mwaka 1978. Wazo walilipikia Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia ambako theluji huanguka milimani. Wazo lenyewe ni zuri: panga bustani kama msitu, mrefu juu ya mfupi, zuia maji yasikimbie, taka ya huyu iwe chakula cha yule, tegemea zaidi mimea inayodumu miaka kuliko ya kung'oa kila msimu. Mchagga mwenye kihamba chake, migomba juu ya kahawa na magimbi kwenye mfereji, angesikiliza akatikisa kichwa kwa kuafiki, kisha akauliza kipya ni kipi.

Kisichosafiri ni kalenda. Kwao bustani hulala wakati wa baridi. Kwetu pwani bustani hulala wakati wa kiangazi, kaskazi inapovuma na jua linapochoma, na huamka vizuri zaidi katika miezi ile tunayojifunika shuka na kulalamika kwamba kuna baridi. Ukilishika hili moja, mengine yanajipanga.

Wazee wa pwani walilijua. Miezi ya Kiislamu hufuata mwandamo, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja; Ramadhani huangukia masika, miaka ikapita, ikaangukia kiangazi. Mkulima hawezi kupanda kwa hesabu hiyo. Ndiyo maana ilikuwepo hesabu ya pili, ya jua, iliyoanzia Siku ya Mwaka, ile ambayo Makunduchi bado wanaiadhimisha kila Julai. Siku 365 zilihesabiwa kwa makumi, na kila kumi liliitwa mwongo. Leo mwongo ni miaka kumi. Zamani ulikuwa siku kumi, na nahodha na mkulima waliulizana tumo mwongo wa ngapi kabla ya kutweka tanga au kushika jembe. Siwaambii mrudie hesabu hiyo, maana yenyewe haina mwaka mrefu, huchepuka siku moja kila miaka minne. Ninachotaka muige ni tabia ya kutazama upepo kabla ya kutazama pakiti ya mbegu.

Masika, Machi hadi Mei, si wakati wa mboga laini. Watu hushangaa nikisema hivyo, kwa sababu maji yapo ya bure. Lakini matone ya Aprili hupigilia mchicha mchanga ardhini, na bakajani hushambulia nyanya majani yasipopata nafasi ya kukauka. Masika ni ya vinavyokaa: migomba, mipapai (juu ya tuta, maana mpapai ukisimama majini unaoza), mlonge, mihogo, viazi vikuu, mbaazi ukingoni mwa ua, tangawizi na manjano chini ya kivuli. Na ni wakati wa kuweka maji. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu nyepesi kuliko ya dukani. Bati la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 jioni moja, zimepita lita 1,000 mbele ya macho yako kuelekea mtaroni.

Lakini tangi bora la pwani ni shimo. Chimba karibu na bomba linalotoa maji ya bafuni au ya jikoni, upana mita mbili, kina mita moja katikati, udongo uliotoka uuzungushe ukingoni kama tuta. Juu ya tuta hilo panda migomba minne au mitano, kati ya migomba hiyo mipapai miwili, na matembele yatambae kote. Ndani ya shimo tupa kila kinachofagiwa uwanjani, maganda na makumbi ya nazi. Shimo halijai kamwe. Linashuka kadiri unavyolijaza, na migomba inakula.

Hapa nitagombana kidogo na mama zangu. Uwanja wa Kiswahili lazima uamke umefagiwa, alama za ufagio zionekane, na majani yachomwe kwenye kona. Nimelelewa hivyo, na moshi ule wa asubuhi naupenda mpaka leo. Ila udongo wetu ni mchanga, na mchanga ukipigwa na joto la pwani humaliza mboji yake upesi mno. Tukichoma na majani, tunaufunga mlango wa mwisho. Fanya jaribio saa saba mchana mwezi Februari. Weka kiganja juu ya ardhi tupu uhesabu mpaka kumi, kama utafika. Kisha fukua chini ya makuti makuukuu yaliyolala hapo tangu Desemba: utakuta ubaridi, unyevu, na nyungunyungu akijikunja kwa kusumbuliwa. Mzizi wa mboga unahisi vivyo hivyo. Ufagie mbele ya mlango, mama, mgeni apite. Nyuma ya nyumba tuachie majani.

Juni inapoingia, kusi imeshika, mvua zimeondoka lakini udongo bado una maji. Huu ndio msimu. Miche ya nyanya iliyosiwa kitaluni mwishoni mwa Aprili, chini ya paa la kuizuia mvua, hutolewa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Ua litafunguka Julai, usiku ukiwa nyuzi 18 hadi 20, na Agosti unachuma. Pamoja nayo panda pilipili hoho, karoti, kabichi ukiitaka, vitunguu, na mchicha ambao huwa tayari ndani ya wiki tatu au nne. Tuta la kipupwe mimi huliandaa hivi: nachimba mtaro wa kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, napanga makumbi ya nazi chini, upande wenye bonde ukitazama juu kama vibakuli, namwagilia mpaka yashibe, kisha narudisha udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Makumbi hunyonya maji na kuyaachia polepole. Manyunyu ya mchoo yakipita mwezi Agosti, vibakuli vinajazwa tena bila wewe kuinuka.

Nyanya zikishaisha Septemba, ng'oa zote. Kantangaze, yule mdudu aliyeonekana nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2014, anapenda joto na ukavu, na anapenda zaidi mtu mwenye nyanya mwaka mzima. Miezi kadhaa bila nyanya wala jamaa zake ni dawa, na haiuzwi.

Vuli sina mengi ya kuisifia. Haiaminiki. Mwaka 2019 na 2023 ilishuka mpaka ikabeba barabara, na ipo miaka inayopita ikinyunyiza tu kama mwenye kutania. Panda vya haraka: kunde za majani, choroko, bamia. Ikikataa, hasara ni ndogo.

Kisha kiangazi, na hapa ndipo bustani ya kudumu inapolipa. Aliyetegemea mchicha peke yake, Februari anabeba ndoo asubuhi na jioni kuokoa majani yaliyosinyaa. Aliyepanda miti anapita na kisu. Mlonge huchipua ukiukata, hata katika ukavu huo. Nao mti ninaoupenda kuliko yote ni mpira wa kisamvu. Asili yake Brazili. Wajerumani waliupanda Tanga kwa ajili ya utomvu, biashara ikaporomoka karibu na mwaka 1913, mti ukabaki kwenye nyua za watu. Kuanzia miaka ya 1930 watafiti wa kituo cha Amani, Usambara, waliuchanganya na muhogo wa kawaida kutafuta mbegu inayohimili batobato na michirizi ya kahawia. Yaani mti ule wa uani kwa bibi una ukoo ndani ya mihogo mingi inayolimwa leo. Mizizi yake huenda chini kuliko kiangazi kinavyoweza kufika. Majani yake yana sumu ileile ya sianidi iliyomo kwenye muhogo, kwa hiyo yatwangwe barabara na kuchemshwa sufuria ikiwa wazi, kabla ya kutiwa tui.

Fimbo za mpira hazipatikani kwenye duka la pembejeo. Pita mtaani, ukiuona umechungulia juu ya ukuta wa mtu, piga hodi uombe mbili za urefu wa mkono. Ziweke kivulini, na mvua ya kwanza ya Machi uzichomeke.