Nani anaanguka mahali pa nyota wa sinema? Kazi ya Jeannie Epper

Katika filme, mwanamke anaruka kutoka juu ya nyumba, anaanguka, anasimama na kukimbia. Uso tunaoonyeshwa kisha ni wa muchezaji mwenye jina. Lakini mara nyingi mwili ulioanguka si wake. Ni wa mwanamke mwingine, mwenye nguo na nywele za namna moja, na kamera inafanya yote kusudi tusimutambue. Kwetu watu wanamuita kaskadezi, kufuata Kifaransa.

Mmoja wa wakubwa wa hii kazi alikuwa Mumarekani Jeannie Epper, aliyekufa mwezi wa tano 2024 akiwa na miaka 83. Alifanya kazi katika filme na vipindi vya televisheni zaidi ya 100. Watu wengi ulimwenguni waliona mugongo wake, lakini jina lake hawalijui.

Alizaliwa 1941 huko California. Baba yake, Muswisi aliyejua sana mambo ya farasi, alikuwa kaskadere, na watoto wake wote sita walifuata hiyo kazi. Jeannie alianza akiwa na miaka 9: alishuka kwenye muteremuko mukali na farasi bila tandiko.

Wakati ule, kama mwanamke wa ndani ya filme alipaswa kuanguka, mara nyingi waliita mwanaume, wakamuvalisha nguo za kike na nywele za bandia. Kama muchezaji alikuwa Mweusi, walimupaka muzungu rangi nyeusi. Hii haikuwa shida ya heshima tu. Kila siku ya kazi aliyopewa mwanaume wa nywele za bandia ilikuwa mushahara ambao mwanamke mwenye kujua kazi aliukosa. Ndiyo maana 1967 kaskadezi wa Hollywood walianzisha chama chao, Epper akiwa kati ya wa kwanza. Miaka ya 1970, Jadie David, mwanamke Mweusi, alikuwa anaanguka na kupigana mahali pa Pam Grier, bila muzungu kupakwa rangi.

Epper alijulikana zaidi kupitia Wonder Woman, kipindi cha televisheni cha 1975 hadi 1979, ambamo alichukua nafasi ya Lynda Carter. Hapo inaonekana shida ingine ambayo wanaume hawana sana. Mutu mwenye suruali na koti anaweza kuficha vitu vya kulinda magoti, viwiko na mugongo. Nguo ya Wonder Woman iliacha mikono na mapaja wazi. Uficha wapi? Kwa hiyo mwanamke anaanguka kutoka urefu uleule, lakini na ulinzi mudogo.

Hii kazi haiombi kutoogopa, inaomba kuhesabu. Wanapima urefu na kuangalia upepo, kisha wanatandika mufuko mukubwa wa hewa au makartoni matupu yanayobonyea pole pole. Anayeruka anajigeuza hewani ili afike kwa mugongo, maana akitua kwa miguu anaweza kuivunja. Anajifunza kwanza kutoka chini, kisha anapanda kidogo kidogo.

Hesabu ikikosewa, ni mwili unaolipa. Mwaka 2015, Afrika Kusini, Olivia Jackson alikuwa anaendesha pikipiki mahali pa Milla Jovovich. Aligongana na chuma kilichobeba kamera. Alipoteza mukono wa kushoto.

Huko Hollywood, kaskadezi analipwa kwa siku, na anaongezewa kufuatana na ugumu wa kitendo. Asiyeitwa halipwi. Ndiyo sababu wengine wanaficha maumivu: anayejulikana kuwa ameumia, simu yake hailie tena. Na kwa mwanamke, umri unahesabiwa haraka, kwa sababu shurti afanane na muchezaji kijana.

Hiyo ndiyo ilionekana katika Double Dare, filme ya 2004 juu ya Epper na kijana wa New Zealand, Zoë Bell. Epper, aliyekuwa amepita miaka 60, alikuwa bado anatafuta kazi. Bell, aliyetoka kwenye Xena, ndiye alianguka mahali pa Uma Thurman katika Kill Bill. Mama muzee alimuonyesha binti njia, na milango ilikuwa inafunguka kwa binti.

Mwaka 2007 Epper alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa zawadi ya Taurus kwa ajili ya kazi ya maisha yake yote. Zawadi za Oscar zilichelewa zaidi. Ni mwezi wa ine 2025 tu walipotangaza kwamba kutakuwa zawadi ya kaskade, kuanzia filme zitakazotoka 2027. Epper alikuwa amekufa karibu mwaka muzima mbele ya hilo tangazo.