Upande Mmoja Ukinyamaza, Upime wa Pili

Crack ni amplifaya ya hedifoni ya kujiundia, kutoka kampuni ya Bottlehead ya jimbo la Washington, Marekani. Mnunuzi hupokea transfoma, rezista, kapasita, waya na valvu mbili, 12AU7 na 6080. Kulehemu ni juu yake. Siku ya kuiwasha, mara nyingine kulia huimba na kushoto kukawa kimya. Wengi hukimbilia kuagiza valvu mpya. Wanapoteza fedha, maana jibu huwa limo humo humo ndani ya chasi.

Kila moja ya valvu hizo ina valvu mbili ndani ya kioo kimoja: nusu ya kushoto, nusu ya kulia. Saketi za pande hizo ni pacha, kwa hiyo upande mzima ndio kipimo cha upande mbovu. Pima nukta moja kulia, kisha pima ileile kushoto. Namba zinapoanza kutofautiana, umefika jirani na kasoro.

Anza umeme ukiwa umezimwa, ukipima ohmu tu. Baadaye washa, lakini kwa heshima: ndani mna takriban volti 170, na kapasita hubaki na chaji hata plagi ikichomolewa. Mkono mmoja ukae mfukoni.

Anodi za 12AU7 husoma kati ya volti 75 na 90. Upande mmoja ukisoma karibu 170, nusu hiyo ya valvu haipitishi mkondo. Tazama chini ya soketi yake: kila kathodi ina taa ndogo nyekundu ya LED, na mkondo wa valvu ndio unaoiwasha. Iliyozimika inakuonyesha pa kutafuta. Huenda imefungwa kinyume, au lehemu yake haikushika. Lehemu mbovu huonekana kwa macho: imefifia rangi, imejikusanya kama tone juu ya waya badala ya kutambaa na kuushika. Iguse kwa kijiti kikavu cha mbao. Sauti ikija na kupotea, ipashe moto upya, umeme ukiwa umezimwa.

LED zote zikiwaka na volti zikilingana, iache valvu. Fuata njia ya sauti: kidhibiti cha sauti, kapasita za kutolea, tundu la hedifoni. Mvumo wa upande mmoja unaozidi mkono ukisogea mara nyingi hutokana na gridi iliyoachwa bila muungano. Ukivuma pande zote mbili, kagua athi na sehemu ya umeme.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa kuna jambo la kuangalia kabla ya yote hayo: waya za transfoma ziungwe kwa umeme wa kwetu, si kwa volti 120 za Marekani.

Na majaribio yote yafanywe kwa hedifoni za bei ndogo. Sennheiser HD 600 yenye ohmu 300, inayoelewana sana na amplifaya hii, ingoje hadi volti za pande zote mbili zilingane.