Barabara Kuu ya Hopkins: Miguu Yetu na Maji ya Mvua



Miongoni mwa makaratasi ambayo jamaa zetu wa Hopkins huyapokea kwa posta na kuyaweka kando bila kuyasoma ni yale ya mipango ya barabara. Huja na ramani za rangi na lugha nzito ya kiserikali, nasi tukadhani kuwa ni shughuli ya wenye maduka na wenye magari. Mwezi huu tumeona tuizungumze habari hiyo, kwa sababu inamhusu asiyekuwa na gari kuliko mwenye nalo.

Hopkins ni mji mdogo wa maili 4 za mraba, magharibi ya Minneapolis, wenye watu wapatao 19,000 kwa sensa ya 2020. Barabara yake kuu huitwa Mainstreet, na wenyeji huliandika jina hilo kwa neno moja. Ni neema isiyopatikana katika vitongoji vingi vya huku: mtu aweza kwenda dukani, kwa kinyozi na maktaba kwa miguu yake. Kusini ya hapo, ng'ambo ya barabara pana ya Excelsior, kimejengwa kituo kimojawapo cha vituo 3 vya Hopkins katika reli mpya ya kwenda Eden Prairie, yenye maili 14.5. Safari zake zimetangazwa kuanza 2027. Baina ya kituo hicho na Mainstreet upo mtaa wa 8th Avenue, uliokwisha kutengenezwa upya kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli.

Hayo ni mema, nasi twashukuru. Lakini wengi wa wahamiaji hawakai Mainstreet. Wako mashariki, katika nyumba za ghorofa za kupanga za Blake Road. Huko ndiko kinakopita kijito cha Minnehaha, kitokacho Ziwa Minnetonka na kuingia mto Mississippi baada ya mwendo wa maili 22. Kwa hiyo suala la njia na suala la maji, huko, ni suala moja.

Mvua za hapa si za mchezo. Usiku wa tarehe 23 Julai 1987 zilinyesha inchi 10 katika uwanja wa ndege wa Minneapolis na Saint Paul. Juni 2014 Ziwa Minnetonka lilipanda kuliko ilivyopata kuandikwa, na kijito kikafurika. Wahandisi kwa miaka mingi walipima mabomba kwa kitabu cha mvua cha 1961. Hesabu ilipofanywa upya, 2013, ile mvua kubwa ya saa 24 ambayo uwezekano wake ni 1 katika 100 kila mwaka ilitoka karibu inchi 6 ikazidi 7. Basi bomba lililotosha kwa hesabu ya zamani huenda lisitoshe leo, na maji yasiyopata njia huingia kwa anayekaa chini.

Dawa yake si kuongeza mabomba tu. Mamlaka ya bonde la kijito hicho ilinunua mwaka 2011 ghala kubwa la baridi la Blake Road, lenye kiwanja cha ekari 17 hivi, ili kando ya kijito ipumue na maji ya mitaa yasafishwe kabla ya kuingia mtoni. Bustani ya Cottageville, jirani yake, ilipanuliwa ikafunguliwa upya 2015: watoto hucheza juu, na maji ya mvua hupokewa na kuchujwa hapo hapo.

Wenye asili ya Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa kinachotokea mambo haya mawili yakitenganishwa. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi. Safari zilianza 2016. Masika yalipokuja maji yaliingia yadi, mabasi yakaharibika, na barabara ikafungwa si mara moja. Usafiri ulikuwa mzuri. Mahali ndipo palipokosewa.

Hapa kwetu kuna na theluji, ambayo ramani za kiangazi haziionyeshi. Jembe la gari huisukuma hadi kwenye kona, pale pale mama anapotaka kushusha kigari cha mtoto ili avuke. Ikiyeyuka mchana hukuta mtaro umezibwa, ikaganda usiku, na mzee akateleza alfajiri akiiendea sala. Tiba ya watu ni kumwaga chumvi, ilhali kijiko kimoja cha chai hutosha kuchafua galoni 5 za maji. Mtume wetu s.a.w. ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Sisi twadhani kusema kikaoni udhia uko wapi nako ni kuuondoa.

Basi karatasi ikija, isomwe. Waliopata maji ndani waandike tarehe, na picha ziwekwe. Watembeao na watoto wataje kona kwa jina, na muda wa taa kama unatosha kuvuka Excelsior kwa mwendo wa bibi. Wapangaji wasikae nyuma kwa kuwa nyumba si yao. Kikao cha hadhara hakiulizi hati ya nyumba. Anayehitaji mkalimani apige simu halmashauri siku kadhaa kabla, wala asingoje mlangoni.