Injini Ikifa na Gharanti Imekwisha, Tufanye Nini?



Tumezoea kuzungumza habari za mashamba, visima na mikopo. Safari hii tuzungumze habari ya injini, kwa maana tumeona kwa macho yetu jinsi injini moja ilivyokaribia kuvunja kikundi kizima.

Kikundi kimoja cha wakulima wa maembe hapa kwetu kilijinyima miaka mitatu, kikanunua pikapu ya dizeli iliyokwisha kutumika, kwenye yadi moja huko Mombasa. Muuzaji aliwapa gharanti ya miezi mitatu, tena ya mdomo. Mwezi wa tano, msimu wa maembe umekolea, gari likachemka njiani baina ya Minjila na Malindi. Dereva akaongeza maji, akaendelea. Likachemka tena, akaongeza tena. Kabla ya kufika Gongoni injini ikazima kabisa. Maembe yakauzwa kwa bei ya kutupa pale pale kando ya barabara.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boliti moja. Alisikiliza tu, akasema, "Injini imekufa hii, tafuteni nyingine." Jioni kikao kikaitwa. Hawa wanataka kukopa, wale wanataka gari liuzwe kama chuma chakavu, na wengine wamemgeukia dereva: "Wewe ndiwe uliyeliua!" Tulipofika asubuhi tuliwaomba jambo moja tu: siku saba za kutoamua lolote. Haya tunayoyaandika ni yale tuliyojifunza pamoja nao katika siku hizo.

KWISHA KWA GHARANTI SI KWISHA KWA HAKI

Gharanti ni ahadi. Mtengenezaji huahidi kwamba gari jipya likiharibika kwa kosa la kiwandani ndani ya miaka fulani au kilomita fulani, atalitengeneza kwa gharama yake. Sasa magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani. Kenya inaruhusu kuingiza gari lenye umri usiozidi miaka 8, kwa hiyo mengi hufika ahadi hiyo ikiwa imekwisha zamani. Ule ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa huangalia kama gari linafaa barabarani. Haukuahidi kwamba injini itadumu.

Hata hivyo, sheria haikutuacha. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 nayo inamhesabu mfanyabiashara anayeuza kuwa ameahidi ubora huo, hata kama hakutamka neno. Basi kama gari liliuzwa na ubovu uliofichwa, mnaweza kudai. Kwanza mwandikieni muuzaji barua. Akikataa, iko Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Lakini dai linataka ushahidi: risiti, mapatano ya maandishi, na ripoti ya fundi aliyefungua injini. Wenzetu wa maembe risiti yao ilisema "pikapu moja", basi. Tena chanzo kilikuwa mpira wa rejeta uliopasuka, halafu gari likaendeshwa likiwa linachemka. Tuliwaambia ukweli: hapa hakuna wa kumdai. Ubovu uliotokana na uendeshaji ni mzigo wetu wenyewe.

INJINI HUBISHA HODI

Ni nadra injini kufa bila kutoa ishara. Tuzijue.

Joto: Mshale ukipanda, simama, zima, ngoja ipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, maji yatakuunguza. Hedi ikipata moto kupita kiasi hupinda, na gasketi iliyo chini yake huungua. Hapo maji huingia kwenye oili, nayo hugeuka rangi kama chai ya maziwa.

Oili: Taa nyekundu ya oili ikiwaka, usiseme "nitafika tu". Bila oili chuma husuguana na chuma, na injini hunoki kwa dakika chache.

Mkanda wa taimingi: Magari mengi ya Toyota ya dizeli ya zamani yana taa yenye maandishi T-BELT, inayowaka kila kilomita 100,000 kuwaambia mkanda ubadilishwe. Mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu. Ukinunua gari usilojua historia yake, badilisha mkanda mara moja, kwa sababu kilomita za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma.

Maji ya mafuriko: Sisi wa Tana tunalijua hili. Mwezi wa Novemba 2023, na tena mwaka 2024, maji yalifunika barabara ya Garsen kwenda Lamu pale Lango la Simba. Gari likivuta maji kwa njia ya hewa, maji huingia kwenye silinda. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Kinachopinda ni mkono wa pistoni. Gari likizima majini usipige stata. Livuteni nje, fundi atoe maji kwanza.

SIKU INJINI IKIZIMA

1. Msijaribu kuiwasha tena na tena. Uharibifu wa elfu kumi hugeuka wa laki moja.

2. Injini ifunguliwe kabla ya kuhukumiwa. Fundi anayesema "imekufa" bila kufungua anabahatisha.

3. Tafuteni fundi wawili, kila mmoja aandike makisio ya spea na ya kazi. Ile sheria ya 2012 inazungumzia pia matengenezo ya magari: mteja apewe makisio, kazi isifanywe bila ruhusa yake, na spea za zamani arudishiwe. Zidaini. Ndizo ushahidi wenu.

4. Pimeni njia tatu: kutengeneza kilichoharibika tu, kufanya ovahoo, au kununua injini nyingine iliyotumika. Kisha ulizeni: gari hili likipona litauzwa bei gani? Kama matengenezo yanakaribia bei hiyo, afadhali kuliuza lilivyo.

5. Mkinunua injini nyingine, chukueni risiti yenye namba ya injini, pamoja na karatasi za kuingizwa nchini. Halafu NTSA wajulishwe ili logbuku ibadilishwe. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa ya wizi, na polisi watawakamata ninyi mlio nayo.

Wenzetu walifanya hivyo. Fundi wa pili alipofungua, kumbe krenki na pistoni ni nzima! Gasketi ndiyo iliyoungua, na hedi imepinda kidogo. Hedi ilipelekwa Mombasa, ikapimwa kama ina ufa, ikasawazishwa. Gharama yote haikufika nusu ya bei ya injini nyingine.

GHARANTI YETU WENYEWE

Gari lisilo na gharanti ya mtu mwingine, gharanti yake ni sisi. Tuchukue mfano wa hesabu. Gari likifanya safari tatu kwa wiki, na kila safari mkiweka shilingi 500 kando, kwa mwaka wa wiki 52 mna shilingi 78,000. Fedha hizo zisiguswe kwa mazishi wala karo. Ni za gari. Wekeni pia daftari la oili, maji na mikanda, lisainiwe kila wiki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Limebaki la dereva. Wazee walitaka afukuzwe. Tukamwuliza mbele ya wote, "Kijana wetu, kwa nini hukusimama?" Akajibu kwamba hulipwa safari ikifika tu. Ikikwama njiani, analala na njaa yeye na watoto. Kikao kikanyamaza. Mama mmoja akasema, "Basi mapatano yale tuliandika sisi." Siku hiyo walikubaliana kwamba dereva akisimamisha gari kwa sababu ya joto au oili, hakatwi hata senti. Mpaka leo ndiye anayeendesha pikapu ile.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Karatasi za gari au mashine yetu ziko wapi, na zinasema nini?
2. Injini ikizima kesho, tuna shilingi ngapi kando?
3. Mapatano yetu na dereva yanamhimiza kusimama, au kuendelea?