Je, Wajua? Gavana Asiye na Kiti Bungeni, Lakini Mwenye Kura

Je, wajua kwamba nchini Argentina, mbunge wa taifa anaweza kumpinga rais na kulala usingizi, lakini akafikiri mara mbili kabla ya kumuudhi gavana wa jimbo lake? Siri iko kwenye orodha. Mpigakura wa huko hachagui mbunge mmoja mmoja. Huchagua orodha ya chama ambayo hawezi kuibadilisha, na majina hupangwa jimboni. Aliyewekwa juu ana uhakika wa kiti, aliyewekwa mkiani anajaza karatasi tu. Pale gavana anapokishika chama, kalamu ni yake. Wabunge wengi hukaa muhula mmoja wa miaka minne, kisha hurudi nyumbani kutafuta umeya au uwaziri katika serikali ya jimbo, na huko nako mlango ni wa gavana huyohuyo.

Ukubwa wa jimbo hauna maana sana hapa. Tierra del Fuego, kule ncha ya kusini, ina watu wasiofika 200,000. Jimbo la Buenos Aires lina zaidi ya milioni 17. Katika Seneti kila moja lina maseneta 3. Katika bunge la wawakilishi hakuna jimbo lenye chini ya wabunge 5, kanuni iliyowekwa mwaka 1983 na watawala wa kijeshi walipokuwa wakijiandaa kuondoka. Ndiyo maana rais anayehesabu kura humpigia simu gavana ambaye watu wake wote wangeenea katika mji mmoja wa wastani.

Naye gavana anahitaji fedha. Kodi nyingi hukusanywa na serikali kuu, kisha hugawanywa kwa sheria ya mwaka 1988. Katiba ya 1994 iliagiza sheria mpya ya mgao ipitishwe kabla ya mwisho wa 1996. Muda huo ulipita zamani na sheria haijapatikana, kwa sababu kila jimbo lazima likubali, na hakuna gavana anayekubali kupunguziwa. Zaidi ya mgao huo kuna mfuko wa dharura ambao serikali kuu humpa imtakaye. Hapo ndipo kura za Bungeni na fedha za jimbo hukutana, na mimi naona hilo ni donda kubwa kuliko orodha yenyewe: mshahara wa mwalimu wa jimboni haustahili kutegemea jinsi seneta alivyopiga kura.

Usiku wa manane wa Julai 2008 ulionyesha nguvu hiyo na mipaka yake. Serikali ya Rais Cristina Fernández de Kirchner ilitaka Seneti ipitishe ushuru mkubwa zaidi kwa soya inayouzwa nje. Ushuru wa namna hiyo haugawanywi kwa majimbo. Wakulima wa mikoani wanalipa, hazina ya taifa inapokea. Carlos Reutemann, aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano ya Formula 1 kisha gavana wa Santa Fe, jimbo la soya, alikuwa seneta wa chama tawala, na alipinga. Emilio Rached wa Santiago del Estero alipinga pia, ingawa gavana wake, Gerardo Zamora, alikuwa upande wa serikali. Kura zikawa 36 kwa 36. Karibu na alfajiri ya tarehe 17, makamu wa rais Julio Cobos, naye gavana wa zamani wa Mendoza, akavunja sare kwa kuikataa hoja ya serikali yake mwenyewe.

Miaka 15 baadaye Javier Milei aliingia ikulu bila gavana hata mmoja wa chama chake. Juni 2024 sheria yake kuu ya mageuzi ilipata tena 36 kwa 36, na safari hii makamu wa rais akaiokoa. Mwezi uliofuata Milei alikwenda Tucumán kutia saini mapatano na wakuu 18 wa majimbo.

Wajerumani wao hawafichi kitu: katika baraza lao la majimbo, Bundesrat, wanaopiga kura ni mawaziri wa serikali za majimbo, na kura zote za jimbo lazima ziende upande mmoja. Machi 2002, wawakilishi wa Brandenburg walitofautiana hadharani juu ya sheria ya uhamiaji. Mwenyekiti alihesabu “ndiyo”. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria nzima.

Kenya si shirikisho, lakini Seneti yake ina jambo la kufanana: katika miswada mingi inayohusu kaunti, kila kaunti ina kura moja, jumla 47. Tofauti ni kwamba seneta huchaguliwa moja kwa moja na wananchi wa kaunti, bila orodha ya gavana. Humwita gavana mbele ya kamati kueleza matumizi ya fedha, na si ajabu uchaguzi ukifika akakitaka kiti cha gavana huyo.